Mwanzi Uliosubiri Wino

Katikati ya karne ya 10, khalifa al-Mu'izz, mtawala wa nne wa dola ya Wafatimiya, alimweleza kadhi wake jambo alilolitamani: kalamu inayoandika bila kuchovywa kidauni. Wino uwe ndani ya kalamu yenyewe. Mwenye nayo akitaka kuandika, aandike. Akimaliza, wino ukome. Aweze kuitia katika mkono wa kanzu au popote apendapo, isimtie doa wala kudondosha tone. Kadhi huyo, al-Nu'man, aliyekuwa akiyaandika kitabuni mabaraza ya bwana wake, anatusimulia kilichofuata. Baada ya siku chache fundi alileta kalamu ya dhahabu. Ikatiwa wino, ikaandika. Ikapinduliwa juu chini, haikuvuja.

Kalamu ile haikudumu, na kitabu hakielezi ndani yake mlipangwa nini. Hata hivyo kisa hiki cha zaidi ya miaka 1,000 kinafaa kutangulia historia ya kalamu za wino za mwanzi. Makatibu wa zama zile, kuanzia Kairo hadi Bukhara, walikuwa wameshika mkononi kitu chenye uwazi ndani. Waliandika kwa matete na mianzi. Bomba lilikuwapo tayari, Mungu ameliotesha mtoni, na bado kila baada ya maneno machache walirudi kidauni. Kwa nini fundi wa khalifa alilazimika kukimbilia dhahabu? Na kwa nini zilipita karne nyingine 9 ndipo kalamu yenye wino wake ndani ikakaa mfukoni mwa mtu wa kawaida? Jibu liko kwenye wino zaidi kuliko kwenye mmea. Ndiyo maana naiona kalamu ya wino ya mwanzi, ile inayochongwa leo kwa mkono, kuwa mtoto wa koo mbili: ukoo wa waliojua kukata ncha, na ukoo wa waliojua kuutuliza wino. Koo hizo zilichelewa sana kukutana.

Tuanze na ncha. Wamisri wa kale waliandika kwa vijiti vya unyasi mwembamba vilivyopondwa upande mmoja vikawa brashi. Wagiriki waliotawala Misri baada ya Alexander ndio walioeneza huko tete nene, lililokatwa ncha kwa kisu na kupasuliwa ufa katikati. Mrumi Pliny, aliyekufa mwaka 79 wakati mlima Vesuvius ulipolipuka, alitaja matete ya Misri na ya Knidos kuwa yanafaa kuandikia. Huko China mwanzi ulishika kazi nyingine kabisa: ulikuwa karatasi kabla ya karatasi. Mwaka 1975, mahali paitwapo Shuihudi katika mkoa wa Hubei, lilifunuliwa kaburi la ofisa mdogo wa dola ya Qin aliyefariki mwaka 217 KK. Pembeni yake alikuwa amezikwa na vibanzi zaidi ya 1,100 vya mwanzi vilivyojaa sheria na taratibu za serikali, vyote vimeandikwa kwa brashi. Mpini wa brashi nao ulikuwa mwanzi.

Lakini walioufanya ukataji wa ncha kuwa elimu kamili, yenye walimu, vitabu na silsila, ni waandishi wa hati ya Kiarabu. Tete lao zuri lilitoka kwenye vinamasi vya Irak na vya Khuzestan, kusini-magharibi mwa Iran. Lilivunwa likiwa limekomaa, kisha likafukiwa ndani ya samadi kwa miezi mingi ili joto la samadi liliivishe polepole. Lilitoka gumu, na rangi yake ya majani makavu imekuwa hudhurungi au nyekundu ya kukolea. Kwa herufi kubwa za mabango na kuta, tete lilikuwa jembamba mno. Hapo ulichukuliwa mwanzi, kwa kuwa ukuta wake ni mnene na unakubali ncha pana kama mtu apendavyo.

Ukitaka kujua kwa nini kazi hii iliheshimiwa, itazame mikononi. Makatibu wa zamani walihesabu hatua nne. Kwanza, kisu kinaingia kwa ulalo na kuondoa nyama ya upande mmoja kwa mkato mrefu, hadi uwazi wa ndani unaonekana. Pili, mbavu za kushoto na kulia zinapunguzwa mpaka ncha ifikie upana wa herufi inayokusudiwa, na mtu akizidisha kidogo upande mmoja, kalamu nzima inapinda. Tatu, unapasuliwa ufa katikati, mfupi na ulionyooka, ambao ndio njia ya wino. Mwisho, ncha inalazwa juu ya kibao chembamba cha mfupa au pembe ya ndovu, kisu kinawekwa kwa mshazari, na fundi anakikandamiza mara moja. Unasikika mlio mmoja mkavu. Mkono uliositasita huacha meno kwenye ncha, na meno hayo yataonekana katika kila herufi. Al-Qalqashandi, katibu wa Misri aliyefariki mwaka 1418, aliyaeleza mambo ya kalamu, kisu na kidau ndani ya ensaiklopidia yake kubwa ya kazi za ukatibu yenye majuzuu 14. Hakuyaona kuwa madogo.

Upana wa ncha ndio uliotawala urembo wote. Ibn Muqla, waziri wa makhalifa wa Kiabbasi mjini Baghdad, aliweka kanuni kwamba herufi zipimwe kwa nukta, yaani alama ya mraba wa mshazari ambayo kalamu huiacha ikikandamizwa mara moja karatasini. Urefu wa alifu unahesabiwa kwa nukta, na herufi nyingine zinapimwa kwa alifu hiyo. Kwa hiyo ukibadilisha kalamu, kipimo chote kinabadilika nayo, na uwiano unabaki palepale. Siasa za Baghdad hazikumhurumia. Alikatwa mkono wa kulia, na inasimuliwa kwamba aliendelea kuandika kwa kufunga kalamu kwenye kigutu. Alifia gerezani mwaka 940. Njia yake iliendelezwa na Ibn al-Bawwab, ambaye msahafu alioukamilisha Baghdad mwaka 391 Hijria, sawa na mwaka 1000 au 1001, umehifadhiwa hadi leo katika maktaba ya Chester Beatty mjini Dublin. Ukiziangalia herufi zake utaona kwamba kisu kilitangulia kufanya nusu ya kazi.

Heshima ya kalamu ilifika hata kwenye mauti. Inapokewa kuhusu mwanachuoni Ibn al-Jawzi, aliyefariki Baghdad mwaka 1201, kwamba alikusanya maishani mwake chembe zote zilizodondoka alipokuwa akichonga kalamu alizoandikia hadithi za Mtume, akausia maji ya kumwoshea maiti yake yachemshiwe kwa chembe hizo. Zikatosha, na nyingine zikabaki. Huniingia moyoni kisa hiki kila nikisomapo, kwa maana hesabu iliyomo ni ya mtu anayejua kwamba kalamu ya tete huisha. Ncha hulainika, hukatwa tena, hulainika tena, na kalamu hufupika mpaka haishikiki.

Sasa wino. Wino mzuri wa makatibu hao ulikuwa masizi yaliyochanganywa na gundi ya mgunga na maji, ukapondwa kwa saa nyingi. Masizi yalipatikana kwenye taa. Katika msikiti wa Süleymaniye mjini Istanbul, uliokamilika mwaka 1557, msanifu Sinan aliupanga upepo wa ndani uuchukue moshi wa taa za mafuta na kuupeleka kwenye chumba juu ya mlango mkuu. Hapo masizi yalikusanywa yakatengenezwa wino. Wino wa masizi haufifii kwa jua wala kwa karne. Ukikosea, waweza kuufuta kwa kitambaa chenye maji kabla haujakaa sana, na wanafunzi wa hati waliishi kwa rehema hiyo.

Ila una tabia moja iliyoamua historia yote. Masizi hayayeyuki majini; ni chembe zinazoelea, na gundi ndiyo inayozizuia zisizame. Juu ya karatasi, gundi hukauka na kuzishika chembe mahali pake, na hilo ndilo tunalolitaka. Ndani ya bomba jembamba, gundi hiyohiyo hukauka na kuziba. Jaza tete kwa wino wa masizi, uliache usiku kucha, na asubuhi utakuwa na kijiti kilichoziba. Wino wa pili wa kale, ule wa vivimbe vya mwaloni na chumvi ya chuma, unapita vizuri zaidi, lakini una asidi inayotafuna na huacha mashapo. Kwa wino wa namna hizi mbili, kidau kilicho wazi kilikuwa ndilo jawabu la busara. Makatibu waliweka ndani yake fungu la nyuzi za hariri lililolowa wino, ncha ikaguswa juu yake, ikachukua kiasi kinachostahili bila kuzama. Ndiyo sababu uwazi wa tete ulikaa mtupu miaka yote hiyo.

Elimu hii ya kidau na kisu ilifika kwetu pwani kwa njia ya Qurani na biashara. Barua za Kiswahili kongwe tulizo nazo, za mwaka 1711, ziko kwenye nyaraka za Goa, zimeandikwa kwa hati ya Kiarabu. Katika karne za 18 na 19 mji wa Siyu, kisiwani Pate, ulijulikana kwa wanakili wa misahafu waliopamba kurasa zao kwa mtindo wao wenyewe, tofauti na wa Uarabuni. Na chuoni, kwa vizazi vingi, mtoto aliyeanza alifu alishika ubao, kalamu ya kuchonga na wino uliotengenezwa nyumbani. Akimaliza somo, ubao ulioshwa ukawa tayari kwa somo la kesho. Mkono wa fundi seremala wa Siyu na mkono wa mwanakili wa Siyu yote ilitegemea chombo chenye makali. Inasikitisha kwamba tunaujua zaidi ufundi wa milango yetu kuliko ufundi wa kalamu zetu.

Wako waliouzunguka ugumu wa wino kwa njia nyepesi na ya akili sana. Katika mji wa Srikalahasti, jimbo la Andhra Pradesh nchini India, wachoraji wa nguo za kalamkari huchukua kijiti cha mwanzi, hukichonga ncha kali, kisha hukizungushia sufi au kitambaa juu kidogo ya ncha na kukifunga kwa uzi. Sufi hunywa rangi. Mchoraji akikandamiza kwa vidole, rangi hushuka; akilegeza, hukoma. Wino uko kwenye kalamu yenyewe, mkono unaamua utoke kiasi gani, na kukiziba unafungua uzi na kuosha. Hii ni kalamu ya mwanzi yenye hazina yake, isipokuwa hazina imekaa nje badala ya ndani. Inatumika hadi leo.

Ulaya ilikuwa imeliacha tete ikapenda unyoya wa bata bukini, ingawa wachoraji hawakuliacha kabisa. Van Gogh, alipohamia Arles kusini mwa Ufaransa mwaka 1888, alikata matete yaliyoota jirani na kuchorea mashamba na miti. Katika michoro hiyo utaona mstari ulioanza mweusi na mnene ukimalizika kwa mikwaruzo mikavu, wino umeisha kabla mkono haujasimama. Upungufu uliowasumbua makatibu, yeye aliufanya uzuri.

Waandishi wa ofisini hawakuwa na anasa hiyo. Mwaka 1827 Petrache Poenaru, Mromania aliyekuwa akisoma Paris, alipewa hataza ya Ufaransa kwa kalamu inayojilisha wino yenyewe, na hazina yake ilikuwa shina la unyoya. Wengine wengi walijaribu baada yake. Karibu kalamu zao zote zilikuwa na ugonjwa mmoja: ama wino haukutoka, ama ulitoka wote kwa pamoja juu ya karatasi. Tatizo la kwanza lilikuwa wino, na likaanza kufumbuliwa mahali ambapo hakuna aliyekuwa akifikiria kalamu. Mwaka 1856 kijana wa Kiingereza, William Perkin, akitafuta dawa ya malaria maabarani, alipata rangi ya zambarau kutokana na lami ya makaa ya mawe. Kutokana na ugunduzi ule zikazaliwa rangi nyingi zinazoyeyuka kabisa majini. Wino wa rangi kama hizo hauna chembe wala gundi ya mgunga. Hatimaye kulikuwa na wino unaoweza kulala ndani ya bomba.

Tatizo la pili lilikuwa hewa. Wino hauwezi kutoka kwenye chombo kilichofungwa kama hewa haiingii kuchukua nafasi yake, na hewa ikiingia kwa wingi, wino humwagika. Lewis Edson Waterman, wakala wa bima wa New York, alipata hataza mwaka 1884 kwa kipande kidogo, nitakachokiita ulimi, kinachokaa chini ya nibu, yaani ncha ya kalamu. Alikichonga mfereji, na chini ya mfereji akapasua nyufa nyembamba. Wino hutambaa wenyewe katika nyufa hizo kama mafuta ya taa yanavyopanda utambini, huku hewa ikirudi kidogo kidogo kupitia mfereji. Ufa uliokatwa na watu wa kale kwenye ncha ya tete ulifanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Alichoongeza Waterman ni kuirefusha kanuni hiyo mpaka ndani ya hazina.

Ulimi huo, na mwili wote wa kalamu, vilifanywa kwa ebonaiti, yaani mpira uliopikwa na salfa nyingi mpaka ukawa mgumu. Ebonaiti haidhuriwi na wino, hukerezeka vizuri, na inakubali kukatwa hesi. Mpira wa miaka hiyo, kabla mashamba ya Asia hayajazaa, ulikuwa wa porini, kutoka Amazon na kutoka Kongo. Msomaji wa Kiswahili hawezi kupita hapa haraka. Kongo ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, ilikuwa nchi ambayo vijiji viliwekewa kipimo cha mpira, na waliopungukiwa walipigwa, wakauawa, wakakatwa mikono. Vitu vingi laini na vya kupendeza vya mwisho wa karne ya 19, kalamu zikiwamo, vilitegemea biashara hiyo ya mpira. Naandika haya kwa sababu historia za kalamu huimba sifa za ebonaiti na kunyamazia ulikotoka utomvu wake.

Huko Japani, kalamu ya wino ilipokelewa na watu waliokwisha kuuishi mwanzi. Mwaka 1902 Sasaki Sadajiro, fundi wa kengele za kioo zinazoning'inizwa dirishani zilie kwa upepo, alibuni nibu ya kioo yenye mifereji iliyosokotwa kuelekea nchani. Mifereji hushika wino, na chovyo moja huandika mistari kadhaa. Nibu hizo zilichomekwa kwenye mpini wa mwanzi mwembamba, na kwa miongo mingi makarani wa Japani waliandika vitabu vya hesabu kwa kalamu hizo za bei nafuu. Mwaka 1911 kampuni ya Sailor ilianza mjini Kure. Mwaka 1918 Ryosuke Namiki, aliyekuwa mwalimu wa chuo cha mabaharia, alianzisha na mwenzake kampuni ambayo leo ni Pilot. Kalamu zao za ebonaiti zilikuwa na kasoro: weusi wake hufifia juani. Namiki na wenzake wakaufunika mpira huo kwa urushi, utomvu wa mti ambao Wajapani wameupaka vyombo tangu kale, na mbinu hiyo ikakamilika mwaka 1925. Ndipo ikaingia fikra kwamba kalamu ya kisasa yaweza kuvikwa ufundi wa kale. Kutoka urushi hadi mwanzi ni hatua fupi.

India iliifikia fikra hiyo kwa mlango wa siasa. Gandhi aliwataka watu wake waache bidhaa za kigeni, na alihimiza kalamu ya tete, wino wa kijijini na karatasi ya mkono. Kosuri Venkata Ratnam, fundi wa Rajahmundry, alichukua njia ya kati: akakereza kalamu za wino kwa mkono, moja moja, kwa vipande vya ndani ya nchi. Barua ya Gandhi ya Julai 1935 ya kumshukuru kwa kalamu iliyomfikia ipo hadi leo. Mimi huona Ratnam alijibu swali gumu kuliko lile la tete au mashine: kwamba chombo cha kisasa chaweza kutengenezwa na mtu mmoja kwenye karakana ndogo, na kikakubalika.

Sasa tuingie karakana ya anayetengeneza kalamu ya wino kwa mwanzi wenyewe, usiosagwa wala kubanwa kuwa ubao. Kazi inaanza shambani. Mwanzi hutoka ardhini ukiwa na unene wake wote. Haunenepi tena, huzidi kukomaa na kuwa mgumu. Hukatwa ukiwa na miaka 3 hadi 5, wakati wa baridi au kiangazi, ambapo utomvu na wanga vimepungua, la sivyo dumuzi wataula ukiwa tayari umekuwa kalamu. Kisha huondolewa mafuta. Wajapani huupitisha juu ya moto hadi mafuta yatoke nje na kupanguswa kwa kitambaa, au huuchemsha, halafu huuanika juani mpaka kijani kigeuke rangi ya pembe. Baada ya hapo husubiri. Mwanzi uliofanyiwa kazi kabla ya kukauka kwa ndani utapasuka kwa urefu wake, kwa sababu ngozi ya nje na nyama ya ndani hazisinyai sawasawa.

Fundi huchagua pingili ambazo uwazi wake ni mwembamba na ukuta wake mnene, na hupima pahali pa vifundo. Kifundo ni kikomo cha asili, ukuta ulioziba bomba, na kikikaa mwishoni mwa mwili wa kalamu hakuna haja ya kizibo. Kifuniko na mwili hukatwa kwenye mwanzi mmoja, pingili zinazofuatana, ili kalamu ikifungwa nyuzi za upande huu ziendelee upande wa pili. Msumeno uwe na meno madogo, na mahali pa kukata pafungwe utepe, kwani ngozi hubanduka upesi.

Shida kubwa ni kwamba hakuna mwanzi ulio duara kamili, na kerezo halijui kitu kisicho duara. Kwa mti wa kawaida, kama mpingo, jawabu ni kukereza nje mpaka duara lipatikane. Kwa mwanzi jawabu hilo ni hasara, kwa kuwa nyuzi zake zimesongamana zaidi kuelekea nje. Ukiondoa ngozi, umeondoa nguvu na uzuri kwa pamoja na kubaki na nyama laini. Basi fundi hufanya kinyume chake: huacha nje kama kulivyoota, hupanua uwazi wa ndani kwa keekee taratibu, akisimama kila mara kutoa unga, kisha hugandisha ndani yake mrija uliokerezwa wa ebonaiti au shaba. Kuanzia hapo mrija ndio mhimili. Hesi hukatwa kwenye mrija, kwa sababu nyuzi za mwanzi zinazokimbia kwa urefu hazishiki hesi. Nje hupewa msasa mwembamba tu, na pengine urushi au mafuta. Patasi zake hunolewa mara nyingi, maana ngozi ya mwanzi ina silika inayokula chuma.

Nibu karibu kila mara hununuliwa kutoka kwa kampuni chache zenye mashine za kuitengeneza, ya chuma kisichoshika kutu au ya dhahabu, imechomelewa nchani tone la madini magumu ya jamii ya iridiamu. Lakini fundi hodari haiachi kama ilivyokuja. Huisugua kwenye jiwe ili iandike mstari mpana upande mmoja na mwembamba upande mwingine, na anayeandika Kiarabu huomba mshazari wake. Kazi hii ya dakika chache juu ya jiwe ni ileile ya kisu juu ya kibao cha mfupa, na makosa yake ni yaleyale.

Mwanzi unaotukuzwa kuliko wote huitwa susutake. Katika nyumba za kale za mashambani Japani, zenye paa la nyasi, moto uliwashwa katikati ya sakafu na moshi ukapanda kwenye fito za mianzi zilizofungwa kwa kamba za majani ya mpunga. Baada ya miaka 100 au 200 fito hizo huwa na rangi ya kahawia iliyokolea, ngumu, zimekauka kiasi ambacho hakuna tanuri linaloweza kuharakisha. Kamba zilipofungwa, moshi haukufika, na pale huonekana mikanda ya rangi hafifu. Fundi mwenye jicho hupanga mkanda mmoja uangukie kwenye kifuniko. Susutake haioteshwi. Hupatikana nyumba inapobomolewa, na nyumba zenyewe zinakwisha. Watengenezaji wa vifaa vya chai, wa vikapu na wa kalamu wanagombea fito zilezile.

Kuhusu wino, ukoo wa kidau na ukoo wa hazina ulikaa mbali hadi miaka ya karibuni. Waandishi wa hati waliendelea kuchonga tete na mwanzi, kwa kuwa masizi hayakupita kwenye ulimi wa Waterman. Kisha kampuni za Japani, Platinum na Sailor, zikatengeneza wino wa masizi kwa ajili ya kalamu za hazina. Chembe zimesagwa kufikia kipimo cha nanomita, na kinachozizuia zisishikane si gundi ya mgunga tena. Weusi wake haufifii. Sasa mtu aweza kujaza wino wa masizi kwenye kalamu ya mwanzi uliopikwa kwa masizi, akaitia katika mkono wa kanzu kama khalifa alivyotaka. Sharti ni aitumie mara kwa mara na aioshe kwa maji safi kabla ya kuiweka kabatini, kwa maana masizi yakikauka ndani huziba, na kufungua ulimi uliogandishwa kwenye mrija wa mwanzi ni kazi ambayo mafundi wengi hawaipendi.